Siku sita nyuma ya Shangazi: Uyole, Kitulo, Matamba, Chimala

Siku ya kwanza, Jumatatu. Mwanjelwa

Shangazi hapigi simu kuuliza hali. Anapiga kukuambia saa ya kuondoka. Jumapili jioni aliniuliza, "Wiki hii una kazi gani?" Swali hilo, kwa mtu aliyemaliza diploma ya uuguzi miaka miwili na nusu iliyopita na bado anasubiri ajira, lina ncha. Nikamjibu sina. "Basi tafuta soksi nzito. Kesho Mwanjelwa, keshokutwa Kitulo."

Kwa wasiomfahamu: Shangazi ni nesi mstaafu. Aliingia kazini mwaka 1979, akatoka 2017 alipofikisha miaka 60, na karibu miaka yote hiyo aliitumia Makete, mkoani Njombe, wilaya alikozaliwa. Siku hizi anaishi Uyole, Mbeya, ana nyumba ya vyumba vitatu, kuku, na mashine ya presha ya kupampu kwa mkono ambayo haruhusu mtu mwingine aiguse. Kila Juni na kila Desemba anapanda milimani kwa nauli yake. Miezi hiyo hakuichagua kwa bahati: ndiyo Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, ambapo zahanati zote nchini hutoa matone ya vitamini A na dawa za minyoo kwa watoto chini ya miaka mitano. Kazi aliyojipa Shangazi ni kuhakikisha watoto wanafika. Mengine, kama nilivyokuja kuona, yanafuata nyuma yake yenyewe.

Sokoni Mwanjelwa tulinunua dagaa wa Nyasa, karanga, sabuni za mche, na mkasi mdogo wa kukatia kucha. Nikauliza mkasi wa nini. "Wa kucha," akajibu, akaendelea kuvutana na muuza dagaa. Kwenye mitumba nikapata soksi mbili na sweta la kijani lenye picha ya kulungu. Shangazi alilitazama sana lile sweta lakini hakusema neno.

Niseme ukweli mapema ili msomaji ajue nilipanda na moyo gani. Neno "kujitolea" mimi limenikaa vibaya. Tangu nimalize chuo nimejitolea miezi kumi na minne wodini, zamu za usiku zikiwemo, bila posho wala nauli, kwa ahadi kwamba nafasi zikitoka "watakufikiria". Zilipotoka, sikufikiriwa. Kwa hiyo Shangazi aliposema twende tukajitolee, nilitabasamu kwa adabu ya mtoto wa kaka, nikafunga mkoba.

Siku ya pili, Jumanne. Uyole – Isyonje – Kitulo

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa Uyole tumeshikilia mabegi, tukaingia kwenye Hiace ya Tukuyu na kushuka Isyonje. Hapo lami inabaki na Watukuyu, sisi tunageukia vumbi. Tulisubiri usafiri saa mbili na nusu. Hatimaye likaja Fuso likienda mlimani kuchukua viazi, tupu isipokuwa magunia na kreti za soda. Dereva alipomwona Shangazi akapunguza mwendo hata kabla hatujapunga mkono. "Shikamoo Mama Nesi. Panda mbele." Mama Nesi akapanda mbele. Nesi mwingine, mwenye diploma, akapanda nyuma na kreti.

Huko nyuma kuna faida yake, unaona kila kitu. Kushoto kwangu mashamba ya viazi yalipandana ngazi kwa ngazi, na kandokando ya njia magunia yalikuwa yamejazwa lumbesa, vichwa vimeshonewa kamba hadi gunia linafanana na mjamzito wa miezi tisa. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Gunia hapa halijasoma sheria. Kijana niliyekaa naye, mpakiaji, alinieleza kwamba mkulima anayekataa lumbesa hupitwa na lori linalofuata likasimama kwa jirani. Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza mvua inavyonyesha.

Kisha miti ikaisha na uwanda wa Kitulo ukafunguka. Tuko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na upepo hauna cha kuuzuia. Watu wa Dar wakisikia Kitulo wanauliza maua, maana ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na sifa yake ni maua ya porini, yale yaliyofanya wenyeji waiite Bustani ya Mungu. Maua njoo uyatazame mvua zikikolea, kuanzia Desemba. Juni kuna nyasi za rangi ya mkate na baridi inayoingia kwenye meno. Dereva alisimama mtu ajisaidie, akatumia nafasi hiyo kutuonyesha upande uliko mlima Mtorwi. Una mita 2,961, akasema, Rungwe una 2,960. Mita moja. Mnyakyusa mmoja aliyekuwa ndani ya gari akadai vipimo virudiwe.

Tulipita karibu na shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wale weusi kwa weupe walikuwa wamesimama kwenye ukungu kama wamechorwa. Shangazi akatoa kichwa dirishani na kunipigia kelele huku juu: "Umewaona ng'ombe? Wakumbuke kesho."

Tulifika kijijini jua likizama. Jina la kijiji naliweka pembeni kwa sababu ya watu nitakaowataja. Jambo la kwanza halikuwa chai. Tulipitia kwa mtendaji wa kijiji, kisha kwa mganga wa zahanati, na pote Shangazi alitoa barua ya halmashauri aliyoiwekea nailoni kama kitambulisho. Wote wawili wanamjua miaka na miaka. Barua aliitoa hivyo hivyo. "Nyumba ya mtu hubishi hodi kwa sababu hawakujui," alinieleza baadaye. "Unabisha kwa sababu si yako."

Usiku nilivaa soksi zote mbili pamoja na sweta la kulungu, nikajifunika mablanketi matatu. Sikupata joto mpaka alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ya kuamka.

Siku ya tatu, Jumatano. Mizani

Nyasi nje zilikuwa nyeupe kwa barafu. Mtoto wa mwenyeji wetu alizikanyaga pekupeku akielekea bombani, akiimba.

Mizani ya Shangazi ni ile ya kuning'iniza, yenye uso wa saa, na kaptula ya turubai ambamo mtoto hutumbukizwa miguu akabaki anabembea na kulia. Tuliifunga kwenye boriti ya baraza la ofisi ya kijiji. Pembeni tukasimamisha ubao wa kupimia urefu, ambao fundi seremala wa hapo hapo aliuchonga miaka sita iliyopita kwa malipo ya sahani ya wali. Nesi wa zahanati alikaa mezani na vidonge vyake laini vya vitamini A, vya bluu kwa walio na miezi sita hadi kumi na mmoja, vyekundu kwa waliotimiza mwaka mpaka kabla ya miaka mitano. Anakata ncha, anakamua mdomoni, mtoto anakunja uso, wa pili aje. Mimi nilikabidhiwa utepe wa kupimia mkono.

Hapa naomba nijishitaki. Utepe ule ni kitu chepesi kuliko vyote tulivyofundishwa. Unatafuta katikati ya mkono wa kushoto, kati ya ncha ya bega na kiwiko, unazungusha, unasoma. Chini ya sentimeta 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, mtoto anapelekwa kituoni siku hiyo hiyo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Mtoto wa nane au wa tisa kwangu, msichana wa mwaka mmoja na kitu, alisoma 11.2. Nikasimama, nikatangaza kwa sauti kwamba huyu ni wa rufaa. Mama yake akaanza kulia. Bodaboda ikaitwa.

Shangazi alikuja polepole, akamchukua mtoto, akamchezea kidole mpaka mkono ukalegea, akazungusha utepe bila kuubana. 11.9. Njano. Akaurudia mara ya pili, 11.9. Akanionyesha alama kwenye ngozi ya mtoto pale nilipokaza. Hakunisema mbele ya watu. Alimwambia mama, "Nesi ana haraka ya kumsaidia mwanao, ndiyo maana," kisha akakaa naye karibu nusu saa wakihesabu kilichopo nyumbani na kinachoweza kuingia chunguni leo jioni. Wa njano naye si wa kuachwa. Nesi wa zahanati akamwandikia siku ya kurudi. Wakati anaondoka, Shangazi aliandika kitu nyuma ya kadi ya kliniki. Nikadhani ni tarehe.

Bodaboda ilidai nauli ya kuitwa. Nililipa mimi.

Lakini jambo la siku hiyo halikuwa utepe, lilikuwa ubao. Mtoto alikuja mgongoni kwa bibi yake, kijana wa miaka miwili kamili, mashavu yamejaa, anacheka na kila mtu. Kwenye mizani hakuna aliyemtilia shaka. Kwenye ubao, sentimeta 78. Mvulana wa umri huo anatarajiwa awe karibu na 87, na akiwa chini ya 81 tunasema amedumaa. Bibi akatuangalia kama tunaomtania. "Sisi kwetu ni wafupi tu. Babu yake mfupi, mimi mfupi."

Sentensi hiyo tuliisikia mara kumi na moja siku hiyo. Nilihesabu. Na ndiyo inayofanya udumavu uwe mgumu kuliko njaa, kwa sababu hauonekani. Mtoto anakula na kushiba, shida iko katika anachoshiba nacho: ugali asubuhi, viazi mchana, ugali jioni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta Iringa inaongoza kwa asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano waliodumaa, Njombe ikafuata kwa 50.4, wakati nchi nzima ni 30. Iringa na Njombe! Ghala la chakula. Darasani takwimu hizo tulizikariri kwa ajili ya mtihani, na mwalimu akasema ni "kitendawili". Nilipokuwa nimeshika ule ubao nikawakumbuka ng'ombe wa jana. Maziwa ya mlimani hushuka mjini, mayai husubiri mnunuzi, parachichi linahesabiwa kwa kilo kabla halijakomaa. Kinachobaki nyumbani ni kile kisicho na mnunuzi. Ongeza kwamba wazazi wenyewe wengi hawapo. Mkinga na biashara mnawajua, baba yuko Kariakoo, mama ana genge Mbeya, na mtoto analelewa na bibi aliyewalea watoto wake kwa ugali na wakaishi.

Shangazi hakuwahutubia. Aliomba sufuria. Akapika viazi vya kuponda na karanga zilizotwangwa, dagaa wa kusaga, na maziwa ya ng'ombe wa jirani, akawapa watoto vijiko. Bibi yule wa wafupi alionja mara mbili. "Karanga ninazo," akasema. "Mayai?" akaulizwa. "Ya kuuza." "Uza matano, la sita ni la huyu." Wakabishana kama wauzaji, bibi akitaka iwe yai moja katika kumi, na wakafikia moja katika saba. Mimi darasani nilifundishwa unasihi wa lishe kwa hatua zake zote na sikuwahi kusikia kwamba unaruhusiwa kupatana bei.

Kabla ya kufunga alikuja mama mwenye mtoto anayeharisha. Zahanati ilikuwa na pakiti za chumvichumvi na vidonge vya zinki, akapewa, lakini Shangazi akamfundisha na ya nyumbani kwa siku ambazo zahanati imefungwa: maji safi na salama lita moja, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko. Akamkaririsha mara tatu. Akaandika tena nyuma ya kadi.

Jioni, kwenye moto, nilimuuliza alikojifunzia kukaa na watu hivi. Akanisimulia mwaka 1973, akiwa na miaka 16, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwa mwenye redio, wanasikiliza kipindi, kisha wanasoma kijitabu na kujadili, halafu wanakwenda kufanya. Baba yake, ambaye ni babu yangu, alichimba choo jioni ya kipindi kwa taa ya chemli kwa sababu hakutaka jirani atangulie. "Hakuna aliyelipwa," akasema Shangazi.

Hapo ndipo nikalipuka. Nikamwambia kila kitu, miezi kumi na minne, zamu za usiku, nauli ya kukopa. Nikasema, "Wewe unajitolea kwa sababu una pensheni, Shangazi."

Alikaa kimya akisukuma kuni.

"Kweli," akasema. "Ninayo, ndiyo maana naweza kuja. Mtu anayekufanyisha kazi miaka miwili na kukuita mwenye moyo, huyo anakuibia, na moyo wako anautumia kama kufuli. Usinichanganye naye." Kisha akaongeza, "Na usije ukaacha kudai."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mahubiri. Nikabaki na hasira isiyo na pa kwenda, nikaenda kulala nayo.

Siku ya nne, Alhamisi. Nyumba isiyo daftarini

Shangazi ana daftari kubwa, lile la kaunta, la tatu tangu astaafu. Kila nyumba anayoingia inaandikwa: tarehe, aliyepimwa, kilichosemwa, cha kufuatilia. Alhamisi aliliacha kwa mwenyeji. Akachukua mashine ya presha, mche wa sabuni na ule mkasi mdogo.

Tulitembea saa mbili kasoro, tukishuka bonde na kupanda jingine, kwenye njia ya mguu mmoja kati ya mashamba ya pareto. Alikuwa mbele na hakuongea. Mtu wa miaka yake, kwenye hewa ile, na mimi ndiye niliyekuwa nahema.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu, ua umefagiwa. "Kamwene," akaita Shangazi. "Kamwene," sauti ikaitikia ndani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko. Kwa hesabu yake amepita tisini. Alimshika Shangazi mikono yote miwili na kuishikilia kwa muda, wakasalimiana kwa Kikinga maneno mengi ambayo mimi, mtoto wa Uyole, nilishika nusu.

Presha ilisoma 168 kwa 94. Vidonge vilikuwa vimekwisha wiki moja kabla na mjukuu alikuwa hajapata nafasi ya kwenda kuchukua. Shangazi hakumlaumu mtu. Alichemsha maji, akamimina kwenye beseni, akamwondoa bibi viatu vya mpira, akaiweka miguu yake ndani. Akakaa sakafuni. Akaiosha polepole kwa ile sabuni, kisha akaikausha kwa kanga yake mwenyewe, na kwa mkasi wa Mwanjelwa akamkata kucha moja moja. Kucha za wazee ni ngumu kama pembe, zinahitaji uvumilivu na mwanga. Nilitaka kumpokea, akanitikisia kichwa. Tulikunywa chai ya maziwa, tukapewa viazi vya kuchemsha, tukaaga.

Njiani nilimuuliza kwa nini nyumba ile haimo daftarini. Alitembea kipande kirefu kabla hajajibu. Nitaandika alivyosema, kwa ruhusa yake.

"Mwaka 1994 binti yake alirudi kutoka mjini anaumwa. Sote tulijua anaumwa nini. Makete ya wakati ule, mwanangu, ilikuwa jeneza kila wiki. Dawa za kufubaza zilianza kugawiwa na serikali mwaka 2004, sisi tulikuwa na Panadol. Glavu zilikuwa zimekwisha miezi. Mimi nilikuwa nanyonyesha. Bibi alituma mtoto aniite, nikaja. Nikafika mlangoni pale. Nikaweka Panadol na sabuni kizingitini, nikasema nina haraka, nikaondoka. Baada ya wiki mbili akafa. Bibi alikuwa anamuosha peke yake, kwa mikono mitupu."

Nikasema mambo ambayo mtu husema. Kwamba wakati ule watu waliogopa, kwamba elimu ilikuwa ndogo.

"Yangu haikuwa ndogo. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kumgusa mtu hakuambukizi. Ndiyo mimi niliyekuwa nawafundisha wengine Jumapili baada ya ibada. Nilijua na sikuingia."

"Bibi anajua uliogopa?"

"Alikuwa amesimama mlangoni," akasema Shangazi.

Hatukuongea tena mpaka kijijini. Jioni nilikaa na takwimu zangu kichwani. Njombe ndio mkoa unaoongoza nchini kwa maambukizi ya virusi vya ukimwi, asilimia 12.7 ya watu wazima katika utafiti wa 2022 na 2023, taifa likiwa na 4.4. Nilikuwa nimezoea kuziona namba hizo kama kitu cha kujibia swali namba tatu. Siku hizi anayezijua hali zake akimeza dawa kila siku na virusi vikafubaa anazeeka kama mimi na wewe, na zahanati ile tuliyokaa inazo dawa hizo kabatini. Miaka kumi tu, kati ya 1994 na 2004. Bibi aliishi yote.

Siku ya tano, Ijumaa. Matamba

Tulipata Noah iliyobeba watu kumi na mmoja na mbuzi. Matamba ni mji mdogo wenye shughuli, kuna chai ya moto, maandazi na watu wanaopatana viazi barabarani. Nilioga kwa maji ya moto mara ya kwanza tangu Jumatatu na sitaki kuongeza chochote kuhusu siku hii ila kwamba Shangazi alilala saa tisa mchana akaamka saa mbili usiku, akala, akalala tena. Nilipokuwa nampanga mkoba niliona jinsi kifundo cha mguu wake kilivyovimba. Alikuwa ametembea nacho siku tatu. Nikampima presha kwa mashine yake, ile isiyoguswa, akiwa usingizini nusu. Hakukataa. Ilikuwa 142 kwa 88.

Nilikaa na daftari lake, nikasoma. Mwaka 2018: "Mama wa mapacha, mmoja kg 1.9, kumfunga kifuani, kurudi Alhamisi." Alhamisi: "Kg 2.0." Wiki nyingine: "Hakuja. Nimekwenda. Yuko salama, alikuwa anavuna." Ukurasa baada ya ukurasa wa vitu vya namna hiyo. Hakuna neno "kujitolea" mahali popote. Kuna hesabu za nauli pembezoni, na kwenye kurasa kadhaa ameandika kwa herufi kubwa, KUDAI VIPIMO VYA MALARIA, KUDAI NESI WA PILI, na tarehe alizokwenda halmashauri kudai. Ile ya nesi wa pili ina tarehe nne.

Siku ya sita, Jumamosi. Kona hamsini na saba

Kutoka Matamba kushuka Chimala kuna barabara ambayo watu wa huku huitaja kwa idadi ya kona zake, 57. Nilikusudia kuzihakiki. Nilifika thelathini na moja, gari likapishana na lori la viazi ukingoni mwa bonde, nikafumba macho, hesabu ikapotea. Chini kabisa unaliona bonde la Usangu limetandazwa mpaka upeo wa macho, mashamba ya mpunga na vumbi, na kila kona joto linaongezeka kiasi cha kuvua nguo moja. Sweta la kulungu nililivua kona ya arobaini na kitu. Shangazi akalitazama tena. "Hilo," akasema baada ya siku tano za subira, "usilivae tena nikiwa nawe."

Karibu na chini mtandao ukarudi. Simu yangu, iliyokuwa imelala tangu Jumanne isipokuwa kwenye kichuguu nyuma ya shule, ikaanza kutetemeka bila kukoma. Vikundi vya WhatsApp, mama yangu, mtu anayeuza vifurushi. Halafu taarifa za namba zilizonitafuta bila kunipata. Moja siijui. Ya pili siijui. Zilikuwa tano.

Nikageuka. Shangazi alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, amefumba macho, na usingizi wa mtu anayelala kweli nilikuwa nimeshauzoea siku hizo. Huo haukuwa wenyewe.

"Shangazi, nyuma ya kadi ulikuwa unaandika nini?"

"Mimi nina miaka mingi," akasema bila kufumbua macho. "Simu yangu haishiki chaji."

"Hukuniuliza."

"Ungekataa."

Nilikuwa bado natafuta la kumjibu tulipoingia Chimala, makondakta wa mabasi ya Mbeya wakiwa wameshayavaa mabegi yetu. Simu ikaita mkononi. Namba ya tatu katika zile tano. Upepo mwingi upande wa pili, mtu amepanda mahali pa juu kutafuta mtandao.

"Halo? Ni nesi? Ni mimi mama wa yule uliyesema rufaa."

Kondakta alikuwa ananivuta mkono, anasema siti ya dirishani inaondoka.

"Ndiyo, ni mimi," nikasema. "Ngoja nitoke kwenye kelele. Amekula nini leo?"